Kwale Waliofutika Msibani Kwako

Shangazi,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikatulia kidogo kusubiri marahaba, kwa mazoea tu, kisha nikakumbuka. Hata ulipokuwa hai ulikuwa unaitikia huku umeshageuka kuniuliza kama nimenawa mikono.

Nimechoka. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu hapa nyumbani halina wa kuambiwa. Baba ukimwambia umechoka anakujibu kwamba magoti yake yamechoka zaidi, na yeye ni kaka yako, unamjua, hakubali kushindwa hata kwa ugonjwa. Majirani wa hapa Mabwerebwere wakiuliza habari za kazi nasema nzuri. Nzuri gani? Juzi umeme ulikatika tanuri likiwa katikati ya joto, nikakaa juu ya ndoo niliyoipindua, nikiangalia mshale wa mita unavyorudi chini. Wewe ungeutukana umeme kwa Kinyamwezi mpaka urudi kwa aibu. Mimi nilikaa tu. Sikuwa na nguvu hata ya kukasirika.

Ni miezi mitano sasa. Banda la kazi linavuja upande wa mashariki, palepale ulipokuwa unasema patavuja. Yule jirani wa nyuma bado analalamikia moshi. Watu bado wanakuja kuuliza, "Fundi Mwasiti yupo?" Wengine wanatoka mbali, Kidodi huko, hawajasikia. Nawaambia umefariki, wananipa pole, wanatikisa kichwa kwa kiasi cha heshima, halafu wanauliza kama mimi naweza kuwapambia vyombo. Mmoja alikuwa amekuja na choo chake cha kukaa, kipya, amekifunga kwenye shuka kama mgonjwa. Alikifunua, akakitazama, akanitazama mimi, akakifunga tena. Alisema atarudi.

Lakini sikuandikii kulalamika. Nakuandikia kwa sababu nimelitumia jina lako kusema uongo, na uongo huo nimeuchoma motoni kwa mkono wangu. Nitafika huko. Niache nianzie ninapoweza.

Unakumbuka tanuri lilivyokuja? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakuhitaji kusomwa kwa sauti. Kile kiwanda cha vyombo vya udongo ulichokuwa unafanyia kazi Dar kilipofungwa, wenzako walirudi makwao na vikombe na sahani, wewe ukarudi na tanuri la umeme, chakavu, zito kama ng'ombe aliyegoma. Walilishusha stesheni wanaume wanane, na wewe ukiwa mbele yao unarudi kinyumenyume, unawaelekeza kwa mikono yote miwili. Baba aliona aibu. Alisema mzee wenu aliletwa Kilosa na reli kutoka Tabora ili aitengeneze njia, na sasa binti yake analetewa jiko na reli hiyohiyo. Mtaa mzima ukaliita jiko la Mwasiti. Walidhani utaoka mikate.

Badala yake ulichukua sinki la kunawia, jeupe, la dukani, lisilo na neno. Ukalibandika maua ya mbaazi kuzunguka mdomo wake, ukalichoma, likatoka kama lilizaliwa na maua yale. Nilikwangua kwa ukucha. Nilikwangua kwa kisu. Uliniacha nikwangue mpaka nikachoka, kisha ukasema, "Moto ukishakubali, hakitoki tena." Siku hiyo ndiyo nilianza kazi kwako, ingawa hakuna aliyeniajiri.

Zile picha uliziita ngozi, na mimi naziita hivyo mpaka leo. Ulikuwa unachora mwenyewe kwa kalamu, unapeleka michoro Dar kwa basi, inarudi imechapwa kwa rangi za kuchomwa tanurini kwenye karatasi yenye gundi, na juu yake utando mwembamba. Unaikata picha, unailoweka kwenye maji ya uvuguvugu, unasubiri, na utando ule unateleza kutoka kwenye karatasi kama ganda la nyanya iliyochovywa kwenye maji ya moto. Unauhamishia kwenye sinki, unaukanda kwa kipande cha mpira kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka tone la mwisho la maji litoke, maana tone likibaki litachemka tanurini na kuitoboa picha. Na kidole chenye mafuta kikigusa, alama yake inatokea. Ndiyo maana maneno yako niliyoyasikia kuliko yote ni haya: "Usiguse! Mikono yako ina mafuta." Uliniambia mimi, ulimwambia Baba, ulimwambia mwenyekiti wa mtaa. Siku ya Idi ulimwambia imamu.

Na kunyamaza ulijua pia. Nilipokichoma choo cha zamani cha yule mwalimu mstaafu bila kukianika siku za kutosha, kilipasuka ndani ya tanuri kwa mshindo, kuku wakaruka ukuta. Chombo kilichotumika miaka kimekunywa maji, ulikuwa umeniambia, na nilikuwa nimesikia, na nilikuwa na haraka. Ulifungua kifuniko, ukatazama vile vipande, ukaenda kukaa mlangoni ukaanza kumenya machungwa. Ulimenya matatu. La tatu ukanipa. Hatukuizungumza habari ile tena, na tangu siku hiyo sijakiharakisha chombo cha mtu.

Sasa nije kwa kwale.

Mama Neema wa Mikumi sihitaji kukueleza, lakini acha nimwandike, kumwandika kunanisaidia kuyapanga mambo. Ni mjane, ana nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, malori yanapita mchana kutwa mbele ya mlango wake. Alikuja mara ya kwanza akitaka twiga kwenye masinki sita ya vyumba vyake. Ukamwambia twiga wamejaa kwenye kila ukuta wa Mikumi, na mgeni akishawaona porini hataki kuwaona tena akiwa anapiga mswaki. Mligombana saa nzima. Alipoondoka mlikuwa mnaitana dada, yeye na Biblia yake, wewe na tasbihi yako. Tangu hapo hakupitisha wiki bila kupiga simu, na nyinyi wawili mkianza kucheka, mimi nilikuwa naenda kufanya kazi yangu na yako.

Mkakubaliana kwale. Wale wanaokatiza njia ya kijiji cha Ulaya asubuhi, mama mbele na watoto nyuma, kila mmoja akiamini kwamba gari litamsubiri. Ulichora mama mmoja na vifaranga sita, ukavikata kimoja kimoja, ukavipanga kuzunguka bakuli la sinki kwa jicho tu, bila rula. Huyu amechelewa, yule amepotea kidogo, wa mwisho amegeuza kichwa kutazama alikotoka. Nilikuomba uniachie hata sinki moja. Ukasema, "Haya ni ya dada yangu. Wewe nibadilishie maji." Nilinuna. Nilibadilisha maji nimenuna, na ulijua, na hukujali.

Ulimaliza la sita Alhamisi. Ukayapanga rafuni yakauke, tuyachome Jumamosi. Ijumaa asubuhi ukasema kifua kinakubana. Kabla watu hawajatoka msikitini ulikuwa umeshaondoka. Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Nimejaribu mara mbili, karatasi zote nimezichana.

Jumamosi, badala ya kuchoma masinki, tulikuzika.

Watu walikuja, Shangazi. Kifo cha wengi harusi, wanasema, na siku ile ni kweli mgeni angeuliza bibi harusi yuko wapi. Sufuria hazikutosha, majamvi hayakutosha. Nilikuwa nimekaa ndani na wanawake, sioni wala sisikii, Bi Chausiku, mtani wetu, akaja kuniomba ufunguo wa banda atoe majamvi ya akiba. Nikampa. Nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe, naomba hilo ulishike.

Unajua mtani ana haki gani msibani. Sisi ni Wanyamwezi wa relini, yeye ni Mkaguru wa Mamboya, na mtu wetu akifa, Bi Chausiku anaruhusiwa kuingia kwenye vitu vyake, kuvaa nguo zake, kuchukua alichokipenda mpaka ndugu wakikomboe, na kumwigiza marehemu mbele ya waombolezaji. Kumkasirikia ni aibu. Basi alitoka bandani amevaa aproni yako yenye madoa, miwani yako ameiweka kwenye ncha ya pua, na kifuani amekumbatia sinki la Mama Neema. Akaliweka juu ya ndoo katikati ya uwanja, maji yapite kwenye tundu yaingie ndooni. Akarudi kuchukua jingine. Akayatoa yote sita, akayapanga mstari mmoja. Kisha akashika kiuno.

"Mnyamwezi huyu miaka nenda rudi anapamba vya kunawia, na mimi jirani yake sijanawia hata kimoja! Leo tunanawa! Ila usiguse! Mikono yako ina mafuta!"

Alikupata, Shangazi. Sauti ni yako, kiuno ni chako, na ile namna yako ya kumtazama mtu juu ya miwani kama unasoma bei yake. Uwanja mzima ulicheka. Na mimi, niliyekuwa nimetoka mpaka mlangoni kutazama kelele ni za nini, nilicheka pia. Nilicheka mpaka nikashika fremu ya mlango nisianguke. Tangu Ijumaa asubuhi nilikuwa sijavuta pumzi nzima.

Sinki ambalo halijachomwa, kwa macho ya mtu mwingine, halina tofauti na lililochomwa. Kwale walikuwa pale, wamekaa vizuri. Katika umati ule wote ni mimi peke yangu niliyejua kwamba wamekalia gundi tu, na kwamba maji na sabuni vitawaondoa kwa dakika moja. Na mimi nilikuwa nacheka. Wali ukapakuliwa, watu wakapanga foleni, huyu anammwagia yule kwa jagi. Nikamwona kifaranga wa kwanza akiteleza. Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka, au niliizuia mwenyewe, mpaka leo sijui. Ningesema nini? Acheni kunawa, mnaifuta kazi ya marehemu? Mbele ya mtani ambaye hata Baba, kaka yako, alikuwa anamcheka huku machozi yanamtoka? Nilirudi ndani nikakaa kwenye jamvi.

Kwale wako waliondoka na watu. Mzee mmoja wa Kidodi alirudi kwao na mama kwale juu ya kifundo cha mkono, hana habari. Wengine waliwaona wakawapangusia kwenye majani. Chakula kilipokwisha yale masinki yalikuwa meupe kama yalivyotoka dukani, na Bi Chausiku alipoyatazama akasema, "Kumbe Mnyamwezi alikuwa anatubandikia picha za pipi!" Watu wakacheka tena. Simlaumu, na mpaka leo sijamwambia. Utani hauna kesi, kwa hiyo kesi yote imebaki kwangu.

Kuna mkono mmoja ambao nauona hata nikiwa napika. Mama Neema alifika na gari la asubuhi, macho yamevimba. Alinawa karibu na mwisho, kwenye sinki ambalo lilikuwa limebakiwa na kifaranga kimoja tu. Akaja kukaa kando yangu, akafungua kiganja. "Zena, hebu tazama, nini hiki kimenishika?" Chini ya kidole gumba alikuwa na yule wa mwisho, aliyegeuza kichwa. Mzima, hajachanika hata unyoya. Michoro yako alikuwa hajawahi kuiona, ulitaka kumshtukiza, na kwa macho yale yaliyovimba aliona doa tu. Kabla sijapata neno alikifikicha kwa pindo la kanga yake mpaka kikawa uchafu, akaanza kula, analia na kula.

Ulikuwa na kawaida ya kuagiza kila picha mara mbili, kwa sababu ngozi huchanika. Kwa hiyo karatasi za akiba zilikuwepo. Baada ya arobaini yako nikafungua banda, nikayapangusa masinki kwa spiriti, nikaanza. Ilikuwa kazi mbaya. Picha zilikuwepo lakini mpangilio ulikuwa kichwani mwako, na kichwa chako hukumwachia mtu. Nilimweka mama, nikaweka vifaranga, nikavitoa, nikavirudisha. Mikono ilifanya kazi vizuri, ni jicho lililokuwa linakutafuta. Nilichoma matatu, kisha matatu. Kifuniko nilikiacha wazi kidogo kwa kipande cha kigae mpaka moshi wa utando uishe, kama unavyofanya, na jirani akapiga kelele, kama anavyofanya. Yakatoka salama, hakuna lililotoboka. Ungekuwepo ungetafuta kosa mpaka ulipate.

Kosa lenyewe ni hili. Kwenye ukingo wa karatasi kulikuwa na jina lako, lile dogo unaloliweka chini ya kila sinki: Fundi Mwasiti, Kilosa. Niliyakata majina sita, nikayaloweka, nikayabandika, nikayachoma. Nilijiambia kwamba michoro ni yako. Nilijiambia kwamba Mama Neema aliagiza kwako, si kwangu. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha.

Nilimpelekea Mikumi kwa pikapu ya kukodi, masinki yamelala kwenye magodoro ya zamani, nyani wamekaa kando ya barabara wanatukagua kama askari wa trafiki. Mama Neema aliinua moja, akaligeuza, akasoma jina lako, akalibusu. Kumbe Alhamisi ile ulikuwa umempigia simu kumwambia umemaliza. Hilo sikulijua. Akaniuliza, "Ndiyo haya aliyoyamaliza Alhamisi? Kwa mkono wake?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Kwa mkono wake."

Ningesema nini kingine? Kumwambia kwamba si yako ni kumwambia yako yalikwenda wapi. Na yako alikuwa ameyanawa. Cha mwisho kabisa ulichokiacha duniani alikifuta yeye kwa pindo la kanga, yeye uliyekuwa unamtengenezea. Nilimwangalia alivyolikumbatia lile sinki nikaona ni heri nibebe mimi.

Lakini mzigo wenyewe haukukaa mahali pamoja. Sinki moja aliliweka chumbani kwake. Akawa ananipigia simu asubuhi, mara mbili kwa wiki, mara tatu: "Zena, leo nimenawa uso na dada yangu." Ana furaha, Shangazi, furaha ya mtu aliyelala vizuri. Mimi nasema haya Mama, asante Mama, naweka simu chini, nakaa. Huo ndio uchovu ninaokuambia. Njia ya mwongo fupi, tulifundishwa, lakini yangu imenifikisha Mikumi na kunirudisha Kilosa kila wiki bila kunyanyua mguu.

Tena kukawa na jambo jingine, ambalo naona aibu kuliandika lakini nimeshaanza. Wageni wake wanawapenda wale kwale. Wanauliza wametoka wapi. Anawaambia, "Aliyetengeneza amefariki. Hawapatikani tena." Amejenga vyumba viwili vipya, na nilipomuuliza kuhusu masinki akaniambia kwa upole kabisa kwamba atanunua meupe, kwa sababu baada ya mkono wa dada yake hawezi kuweka wa mtu mwingine. Kazi yangu nzuri kuliko zote imesimama pale inanifungia mlango, na jina lililoko chini yake ni lako. Nilikuonea wivu. Marehemu, nikakuonea wivu. Siku hiyo nilijua kwamba nisiposema, nitaanza kukuchukia, na wewe huna kosa lolote.

Jumapili iliyopita nikaenda. Sikumpigia simu kwanza, nilijua nikisikia sauti yake sitakwenda. Alikuwa ametoka kanisani, kitenge chake kizuri bado kiko mwilini, harufu ya kuku inatoka jikoni. Nilimwomba tuzungumze chumbani kwake, mbele ya lile sinki. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Alinisikiliza bila kunikatiza, na wewe na mimi tunajua kwamba hiyo si kawaida yake. Nilimwambia ufunguo, Bi Chausiku, ndoo sita, kicheko changu mlangoni. Nilimwambia karatasi za akiba na jina. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Njia nzima kutoka Kilosa nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Nikamwambia na kile kifaranga.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akafungua kiganja akakitazama chini ya kidole gumba, muda mrefu, kama kuna kitu bado kimeandikwa.

"Nilikifuta," akasema. "Na wewe ulikuwa unaniangalia."

Nikasema ndiyo.

Akaniambia nitoke. Hakupaza sauti. Nilikwenda kukaa kwenye benchi mbele ya nyumba, malori yanapita, vumbi linanikalia miguuni. Nikafikiri gari la kurudi ni saa ngapi. Nikafikiri kwamba nimekunyang'anya dada na nimemnyang'anya yeye dada, siku moja, kwa ulimi mmoja. Sikulia. Nilikuwa nimechoka mno kulia. Kisha nikasikia bomba limefunguliwa ndani. Maji yalitiririka, yakatiririka, yakafungwa, yakafunguliwa tena.

Alipotokea mlangoni mikono ilikuwa inadondosha maji na pua yake ilikuwa nyekundu. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Hawa kwale wako, Zena, wamenyooka mno. Kama watoto wa chekechea wanavushwa barabara. Wa dada yangu wangekuwa wameshapotea."

Wako, alisema. Kwale wako.

"Njoo unawe," akasema, "tule."

Nikaingia. Nikafungua bomba nikanawa, kwa sabuni, vidole vyangu vikipita juu ya yule mama na watoto wake sita, na hakuna aliyeondoka. Miaka kumi na moja nimefanya kazi hii, Shangazi, na sikuwahi kunawa kwenye sinki nililolipamba mwenyewe. Hapo ndipo nililia. Mama Neema alinishikia taulo, akasubiri, akaniambia kuku anapoa.

Hajaniambia amenisamehe. Wakati wa kula, mara mbili alikitazama kile kiganja. Simu hajapiga wiki hii. Lakini nilipokuwa naondoka alisema vile vyumba viwili bado havina masinki, na kwamba hataki kwale, kwale wametosha, nikafikirie kitu changu mwenyewe. Nafikiria. Sijapata bado. Nikikaa na kalamu naona mkono wako, inabidi nisimame, nizunguke uani, nirudi.

Jina lako litabaki chini ya yale sita. Moto umeshakubali, sina uwezo wa kulitoa, na Mama Neema amesema yaachwe hivyohivyo. Naomba uniwie radhi kwa hilo. Sikulitumia ili nikupunguze. Nilikuwa sijaweza kukaa kwenye banda lile bila jina lako kuwepo mahali.

Sikukuaga, Shangazi. Wanaume walipokubeba nilikuwa sijitambui, na saa niliyojitambua nilikuwa mlangoni nacheka. Basi nakuaga leo, kwa akili yangu timamu na mikono imekauka. Nenda salama. Mungu akupanulie hapo ulipo, akupe mwanga na upepo, na majirani wasiolalamika. Ijumaa nitakusomea Yasini, nitakuja na Baba kama magoti yake yataruhusu.

Na ahadi yangu ni hii. Kazi nitakayoifanya kuanzia sasa itabeba jina langu, ikiwa nzuri au ikiwa imenyooka mno. Watu wakisema si kama ya Fundi Mwasiti, nitawajibu kwamba wamesema kweli, kisha nitawaonyesha pa kunawia.

Mtoto wa kaka yako,
Zena